Trekta Carama: Injini Hutoa Nguvu, Zana Ndizo Hufanya Kazi

MWISHONI mwa Septemba, mawingu ya kwanza yanapojikusanya juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya mto Rusizi, wenye mashamba karibu na Carama huanza kuhesabu siku. Carama ni mtaa wa kaskazini mwa jiji la Bujumbura, jirani na Kinama. Nyumba za mji zinapokwisha ndipo uwanda wa Imbo unapotandaza mashamba yake ya mpunga, mahindi na mihogo. Sehemu kubwa ya Burundi ni vilima, na huko jembe la mkono ndilo mtawala. Imbo ni tambarare, nayo trekta hupata njia.

Trekta ikisikika barabarani, watoto huikimbilia. Anayeikodi, hata hivyo, si kila mara askari mwenye shamba. Yeye huenda yuko kambini, au yuko zamu kituoni. Mkewe, au baba yake mzee, ndiye husimama kwenye mpaka wa shamba akiwa na fedha za familia mkononi. Fedha hizo zikipotea kwa kazi mbovu, msimu umepotea nazo. Ni wajibu basi mtu huyo aijue mashine anayoilipia.

MIKONO MITATU

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba trekta peke yake hailimi. Trekta ni nguvu tu. Kazi hufanywa na zana iliyofungwa nyuma yake. Hapo zamani zana hiyo ilikokotwa kwa mnyororo kama mkokoteni. Plau ilipokwama kwenye kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikanyanyuka, na mashine ikampindukia dereva. Wengi walikufa kwa namna hiyo.

Harry Ferguson, fundi wa Ireland, ndiye aliyeleta mfumo wa kuifunga zana kwa mikono mitatu: miwili chini na mmoja juu, ikinyanyuliwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Mwaka 1939 mfumo huo ulitoka kwenye trekta aliyoshirikiana na Henry Ford, na leo karibu kila trekta ya shambani inao. Zana inapozuiliwa na udongo mgumu, mkono wa juu huisukuma trekta kwa mbele na kuikandamiza pua yake chini. Ndiyo sababu mzigo wowote ufungwe mahali palipotengenezwa kwa kuvutia, na kisiki kisivutwe kamwe kwa mnyororo uliozungushiwa ekseli ya nyuma.

KILA KAZI NA ZANA YAKE

Plau ya visahani hufaa ardhi ngumu yenye mizizi na mawe, kwa kuwa visahani huzunguka na kupanda juu ya kizuizi badala ya kukwama. Plau ya mapanga hupindua udongo vizuri zaidi na kuzika majani, lakini huhitaji shamba lililokwisha safishwa. Haro huja baada ya plau, ivunje mabonge na kusawazisha. Anayepanda mahindi juu ya mabonge ya mfinyanzi hupanda nusu ya mbegu zake kaburini.

Katika mpunga mambo ni mengine. Huko Gihanga na kandokando yake, mashamba hupata maji kwa mifereji, na udongo huvurugwa ukiwa tope ili usivujishe maji upesi. Hapo hutumika rotaveta yenye visu vinavyozunguka, pamoja na magurudumu ya chuma yasiyozama. Kwenye majaruba madogo, pawatila inayoongozwa kwa mikono hufanya kazi hiyo kwa mafuta machache kuliko trekta kubwa.

Baada ya mavuno zana ya thamani ni tela. Hubeba mpunga, matofali, mchanga na mapipa ya maji. Trekta hiyohiyo, ikiwa imesimama, huendesha pampu ya maji au mashine ya kupukuchua mahindi. Hivyo anayefikiria kununua, peke yake au kwa ushirika, asiulize bei ya trekta tu. Aulize ni zana zipi zinakuja nayo, kwa kuwa trekta isiyo na zana ni gari la mwendo wa polepole.

HESABU YA MAGEUZO

Plau ya visahani vitatu hukata upana wa sentimita 90 hivi kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo trekta hutembea kilomita 11 kumaliza hekta moja. Safari hiyo haipunguki. Kinachoweza kupunguka ni mageuzo mwishoni mwa shamba, ambapo mafuta huunguzwa bila kulima hata hatua moja.

Chukua majirani wanne, kila mmoja ana kiwanja cha mita 50 kwa 50, na viwanja vimepangana mstari mmoja. Kila mtu akilimiwa peke yake, trekta itageuka mara 56 katika kila kiwanja, jumla mara 224. Wakikubaliana kuvilima kama shamba moja la mita 200 kwa 50, itageuka mara 56 tu. Ikiwa kila geuzo huchukua nusu dakika, wameokoa dakika 84 za injini kunguruma bure. Burundi imekumbwa na uhaba wa mafuta katika miaka hii ya karibuni, na dakika hizo si chache.

Lakini umoja huo una sharti lake. Kabla plau haijaingia, mipaka ipimwe mbele ya wenyewe wote na vigingi virefu vichimbiwe pande zote mbili. Plau hufuta alama ya zamani kwa dakika moja, na ugomvi wa mpaka unaweza kudumu miaka.

SOMO LA KONGWA

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, Kongwa ikiwa mahali pa mwanzo. Ilikusudiwa kulimwa zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yaliyonunuliwa yalikuwa mengi yakiwa masalio ya vita, na hata vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Nguvu ilikuwapo tele. Lakini udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama tofali, ukala makali ya zana. Vipuri vilikosekana na madereva hawakuwa wamefunzwa vya kutosha. Kabla ya mwaka huo kwisha mitambo mingi ilikuwa imelala. Mpango uliachwa mwaka 1951, ukiwa umepoteza pauni milioni 36 hivi.

Kifaru kiliweza kugeuzwa kuwa trekta, lakini hakikuweza kuuambia udongo ulainike. Udongo mzito wa Imbo hutaka adabu ileile. Ukikauka sana huvunja zana, ukilowa sana hunasa magurudumu na kushindiliwa hadi mizizi isipenye. Mkulima huchota konzi ya udongo na kuufinya: ukigandamana kama unga wa ugali, asubiri, ukimeguka kwa kidole, siku imefika.

SHAFTI HAINA HURUMA

Lipo jambo moja ambalo kila mama wa nyumba apaswa kulijua kuliko yote hayo. Nyuma ya trekta hutokeza shafti inayopeleka nguvu kwenye rotaveta, pampu na mashine ya kupukuchua. Mwendo wake wa kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika, yaani tisa kwa sekunde. Shafti nene kama kifundo cha mkono hukunja karibu mita mbili za kitambaa katika kila sekunde. Upindo wa kanga au kitenge ukinaswa, nguo nzima imekwisha zungushwa kabla mwenyewe hajapata kupiga kelele, na kinachofuata nguo ni mwili.

Kwa hiyo shafti iwe na kifuniko chake siku zote. Asiyekuwa na kazi asikaribie, na mwenye kazi afunge nguo vema. Mpukuchuo ukikwama, injini izimwe kwanza, shafti isimame kabisa, ndipo mkono uingie.

Tena trekta ina kiti kimoja kwa sababu ina nafasi ya mtu mmoja. Mtoto aliyekalishwa juu ya bawa la gurudumu kwa furaha yuko hatua moja tu na gurudumu lenyewe. Sweden ilikuwa ya kwanza, mwaka 1959, kulazimisha matrekta mapya yawe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva yakipinduka. Fremu hiyo isikatwe ili trekta ipite chini ya matawi, na mkanda wa kiti ufungwe pamoja nayo.

KABLA YA KULIPA

Anayekodi aafikiane na mwenye trekta kwa maneno yaliyo wazi: ukubwa wa shamba, kina cha kulima, kama haro imo ndani ya bei, na nani analeta mafuta. Alitazame shamba linapolimwa. Achomeke kijiti mtaroni apime kina, wala asingoje magugu yamwambie kwamba ardhi ilikwaruzwa tu.

Dereva naye aanze siku kwa kupima oili, maji ya rejeta na upepo wa magurudumu, kutia grisi kwenye viungo na kukaza nati za zana. Askari haendi lindo na silaha asiyoikagua. Trekta isiingie shambani bila heshima hiyohiyo.

Mvua haimngojei mtu. Lakini nusu saa ya kukagua mashine, kuchimbia vigingi na kuwaweka watoto mbali haijapata kumkosesha mkulima msimu wake. Haraka haraka haina baraka, na shambani penye shafti inayozunguka, methali hiyo ni amri.