Mali bila Daftari: Nishani Iliyochelewa Miaka 97

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wenye maduka huitumia methali hii kwa mambo ya fedha na madeni, na wakulima kwa magunia yaliyopelekwa sokoni. Lakini iko mali nyingine isiyowekwa ghalani wala benki, nayo ni sifa ya mtu aliyeitumikia nchi yake kwa damu yake. Mali hiyo nayo ina daftari lake. Karani akiacha mstari mmoja bila kuujaza, huenda shujaa akazikwa bila nishani, na watoto wa ukoo wake wakakua bila kujua aliyoyatenda. Habari za Henry Johnson, askari wa Marekani, ni ushuhuda wa jambo hilo.

MCHUKUZI WA STESHENI

Johnson, ambaye jina lake kamili lilikuwa William Henry Johnson, alizaliwa katika jimbo la North Carolina, kisha akahamia mji wa Albany katika jimbo la New York. Huko alipata kazi ya kuchukua mizigo ya abiria katika stesheni ya gari la moshi. Mwezi wa Juni 1917, nchi yake ilipokuwa imekwisha kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza, alijiandikisha katika kikosi cha askari weusi wa New York, ambacho baadaye kiliitwa 369th Infantry.

Siku zile jeshi la Marekani liliwatenga askari weusi na wenzao weupe, na wengi wa weusi waliopelekwa Ulaya hawakupewa kazi ya kupigana, bali kazi ya kupakua meli na kutengeneza barabara. Kikosi cha Johnson kiliwekwa chini ya majemadari wa Ufaransa, ambao walikuwa na haja kubwa ya watu wa kushika mstari wa mbele. Wafaransa waliwapa bunduki zao na kofia zao za chuma, wakawapeleka penye mahandaki.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918, karibu na msitu wa Argonne, Johnson alikuwa zamu ya ulinzi pamoja na mwenzake Needham Roberts. Askari wa Kijerumani wasiopungua 12 waliwajia gizani. Wote wawili walijeruhiwa. Roberts alipoanguka, adui walimshika ili wamchukue mateka. Johnson naye, ijapokuwa alikuwa akitokwa na damu, alitoka mahali pake akawaendea. Risasi zilipokwisha alipigana kwa kitako cha bunduki, na mwisho kwa kisu kikubwa mfano wa panga. Hakuacha mpaka adui waliporudi nyuma na kumwacha Roberts. Majeraha yake yalihesabiwa kuwa 21.

Wafaransa hawakukawia. Waliwapa wote wawili nishani yao ya vita iitwayo Croix de Guerre, na ile ya Johnson iliongezwa alama ya tawi la mtende. Mwezi wa Februari 1919 kikosi kilipopita kwa gwaride katika njia kuu ya mji wa New York, watu walijaa kando ya barabara kumshangilia Johnson, naye alikuwa ndani ya motokaa iliyo wazi. Lakini nchi aliyozaliwa haikumpa nishani yoyote ya ushujaa.

KARATASI ILIYONYAMAZA

Waandishi waliosimulia maisha yake wanasema kwamba karatasi zake za kuachishwa uaskari hazikutaja majeraha yale. Hata hivyo mwili wake uliyataja. Kazi ya kuchukua mizigo hakuiweza tena kama zamani. Baadaye alishikwa na kifua kikuu, na mwaka 1927 ofisi iliyowashughulikia askari wa zamani ilimwandika kuwa ni mtu asiyeweza kazi kabisa. Mwezi wa Julai 1929 alifariki. Kwa miaka mingi watu wa kwao waliamini kwamba alizikwa kama maskini asiye na mtu. Mnamo mwaka 2002 ndipo ilipotangazwa kwamba kaburi lake liko Arlington, katika makaburi ya heshima ya taifa. Daftari la makaburi lilikuwa na habari yake muda wote huo, ila hapakuwa na mtu aliyelifungua na kulisoma.

Haki yake ilirudi hatua kwa hatua. Mwaka 1996 alipewa nishani iitwayo Purple Heart, ambayo ni ya askari aliyejeruhiwa au kuuawa na adui. Nishani hiyo kwa namna yake ya sasa iliwekwa mwaka 1932, yaani miaka mitatu baada ya yeye kufa. Mwaka 2002 alikubaliwa kupewa Distinguished Service Cross, ambayo kwa ushujaa vitani ni ya pili kwa daraja jeshini. Lakini ile ya kwanza, Medal of Honor, ilishindikana, kwa kuwa wakubwa waliona ushahidi wa maandishi hautoshi.

Wale waliomtetea hawakuishia katika kulalamika, bali walirudi katika maktaba za serikali wakapekua karatasi. Miongoni mwa waliyoyapata ni taarifa ya Jemadari Pershing, mkuu wa majeshi ya Marekani huko Ufaransa, iliyoandikwa mwezi ule ule wa Mei 1918, ikieleza tendo la askari wale wawili. Mwaka 2011 maombi mapya yalipelekwa jeshini, yenye kurasa zaidi ya elfu moja. Kwa kuwa muda uliowekwa na sheria ulikuwa umepita zamani, ilibidi Bunge la Marekani liruhusu kwanza kwamba muda huo usihesabiwe. Tarehe 2 Juni 2015 Rais Barack Obama alitoa nishani hiyo, nayo ikapokewa na askari wa jeshi la jimbo la New York kwa niaba ya marehemu.

Johnson hakuwa peke yake. Katika Vita Kuu ya Pili hapakuwa na askari mweusi wa Marekani hata mmoja aliyepewa Medal of Honor wakati ule. Mwaka 1993 jeshi liliagiza wataalamu wa Chuo Kikuu cha Shaw wachunguze sababu. Baada ya uchunguzi huo, tarehe 13 Januari 1997, watu saba walipewa. Sita kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Aliyekuwa hai kuipokea kwa mkono wake ni Vernon Baker tu, aliyepigana Italia mwaka 1945.

JINSI DAFTARI LINAVYOSAHIHISHWA

Hayo ni mambo ya mashujaa wakubwa. Lakini wako askari wengi wa kawaida ambao shida yao ni ndogo zaidi: nishani waliistahili, ila cheti chao hakiitaji. Tangu mwaka 1950 askari wa Marekani anayemaliza utumishi hupewa cheti kiitwacho DD 214, chenye tarehe zake, cheo chake na nishani zake. Kikiwa na kosa, mwenyewe au jamaa zake, kama amefariki, wanaweza kuomba kisahihishwe. Cheti cha kwanza kwa kawaida hakifutwi. Hutolewa kingine, DD 215, kinachotaja kosa na sahihisho lake.

Kosa likiwa dhahiri katika faili, ofisi zenye kutunza kumbukumbu na nishani huweza kulimaliza. Likiwa gumu, maombi hupelekwa kwa fomu ya DD 149 mbele ya baraza la kusahihisha kumbukumbu za jeshi. Mabaraza hayo yana asili yake katika sheria ya mwaka 1946. Mwombaji hatozwi ada, lakini mzigo wa kuthibitisha ni wake, maana baraza huanza kwa kudhani kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Anatakiwa kuomba katika muda wa miaka mitatu tangu alipogundua kosa, ingawa baraza linaweza kusamehe ucheleweshaji likiona haki inadai hivyo.

Wakati mwingine haki yenyewe imelala katika kanuni. Mwaka 1947 jeshi la Marekani liliamua kwamba askari wa miguu waliopata beji ya kupigana vitani katika Vita Kuu ya Pili, iitwayo Combat Infantryman Badge, wanastahili pia nishani ya Bronze Star. Lakini nishani hiyo haikuwafuata wote majumbani. Wengi walikuwa wamekwisha kurudi kwenye mashamba na viwanda vyao, wala hawakujua kwamba wanaweza kuiomba.

MOTO WA ST. LOUIS

Je, faili likipotea? Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika jengo la kumbukumbu za askari karibu na mji wa St. Louis. Yakadiriwa mafaili milioni 16 hadi 18 yaliteketea. Kwa askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya mwaka 1912 na 1960, mafaili 80 katika kila 100 yaliharibika. Nakala hazikuwapo.

Tangu siku ile makarani wa huko wamekuwa wakiunganisha maisha ya watu kwa vipande: hati za mishahara, taarifa za kila asubuhi za vikosi, vitabu vya hospitali. Na mara nyingi kilichomwokoa mwombaji ni karatasi iliyokuwa nyumbani kwake: barua ya ofisa wake, gazeti la zamani lenye jina lake, au nakala ya cheti iliyofungwa kwa kitambaa ndani ya sanduku.

FUNDISHO KWETU

Hapa Kenya pia ziko nyumba zenye sanduku la namna hiyo. Askari wa King's African Rifles walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944. Waliorudi walileta vyeti, na wengine nishani. Wazee wale karibu wote wamekwisha kwenda, na wajukuu wengine hutupa karatasi hizo pamoja na takataka, au huwaachia mchwa.

Aliye na cheti cha babu yake na akiweke pakavu, atoe nakala, aandike nyuma yake jina la kikosi na mahali alipotumika kama alivyosimuliwa. Kama mzee bado yu hai, na aulizwe leo, wala si kesho. Na karani aliyeketi mbele ya daftari, awe wa jeshi, wa shamba au wa hospitali, akumbuke kwamba mstari anaouandika kwa haraka jioni, ili awahi kwenda nyumbani, huenda ukatafutwa na mtu baada ya miaka 97.

Kawia ufike, walisema wazee. Nishani ya Henry Johnson ilikawia, ikafika. Lakini yeye mwenyewe hakuiona.