Kabla ya Kulipia Gari la Spoti, Uliza Bei ya Tairi Nne

Umepata gari. Ni Mazda Axela kutoka Japani, imeshushwa bandari ya Mombasa majuzi, nyekundu, rimu kubwa zinang'aa. Kando yake kuna Axela nyingine ya mwaka huo huo, ila rimu zake ni za kawaida na bei iko chini kwa Sh60,000. Muuzaji anakwambia, "Boss, hiyo elfu sitini ndiyo inakupa spoti." Wewe umetoka Malindi na basi la alfajiri, pesa za deposit ziko kwa simu, na kidole kinawasha.

Ngoja kwanza. Hiyo Sh60,000 ni kiingilio tu. Gharama inayofuata haijabandikwa kwenye kioo cha gari. Iko chini, kwa tairi, na utailipa tena kila zikiisha.

Kila wiki wateja wetu wengi hulipia gari, vipuri na mafundi kwa simu. Leo tuangalie gharama hii moja ambayo watu huigundua wakiwa wameshachelewa, halafu tuone jinsi ya kuipanga mapema.

Neno "Sport" halikwambii kila kitu

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Kule Japani, "Axela Sport" lilikuwa jina la umbo: ile yenye mlango wa nyuma badala ya buti. "Impreza Sport" ya Subaru ni vivyo hivyo, na ile yenye buti huitwa G4. Kwa hiyo unaweza kupata Axela Sport yenye tairi za kawaida kabisa, na Axela ya buti yenye tairi za bei kali. Maandishi ya nyuma ya gari hayatoshi. Inama usome tairi yenyewe.

Axela ya injini ndogo ya 1500cc huja mara nyingi na tairi za 205/60R16. Zile za daraja la juu huja na 215/45R18. Nambari hizi ni rahisi kusoma. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kikihesabiwa kama asilimia ya ule upana. Ya mwisho ni ukubwa wa rimu kwa inchi.

Sasa piga hesabu. Tairi ya 205/60 ina ubavu wa milimita 123. Ile ya 215/45 ina ubavu wa milimita 97 hivi. Kwa jumla magurudumu hayo mawili yana kimo karibu sawa, lakini kwenye la spoti rimu imekula nafasi ya mpira. Umepoteza milimita 26, na mpira huo ndio uliokuwa unameza shimo kabla halijafika kwenye rimu.

Barabara zetu zinasema nini

Tusiidharau spoti. Kwenye lami nzuri, tairi yenye ubavu mfupi hushika barabara vizuri, na stia hujibu haraka. Kama safari zako nyingi ni Malindi hadi Kilifi na kurudi kwa barabara kuu, utaufurahia usukani.

Lakini wangapi wetu tunaishi juu ya lami? Ukishaacha barabara kuu kuna vumbi, kuna mawe ya matumbawe yaliyochongoka, kuna tuta lisilo na alama, na msimu wa mvua kuna shimo lililojaa maji usilojua kina chake. Tairi ya ubavu mrefu ikigonga, hubonyea na kurudi. Ya ubavu mfupi hubanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu. Nyuzi za ndani zikikatika, ubavu huota uvimbe kama jipu.

Uvimbe huo hauzibwi kama pancha. Fundi wa pancha hushughulikia msumari ulioingia pale tairi inapokanyaga barabara. Ubavu ukiumia, tairi ni ya kutupwa. Rimu nayo ikipinda au kupasuka, hapo ni gharama nyingine.

Jambo jingine ni spea. Magari mengi ya kisasa kutoka Japani hayaji na gurudumu la akiba. Huja na pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuziba. Dawa hiyo husaidia kwa tundu dogo. Haisaidii ubavu uliochanika. Hebu jione uko kati ya Malindi na Garsen, giza limeingia, watoto wako nyuma, na ulichonacho kwenye buti ni chupa. Fungua buti kabla ya kulipa.

Hesabu ya miaka sita

Tuchukue mfano wa mwalimu anayeishi Malindi na kufundisha Gede. Kwa mwaka anaendesha kama kilomita 15,000, pamoja na safari za Mombasa. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu. Weka zako utakazopewa dukani.

Tuseme tairi ya kawaida ni Sh10,000, na ya spoti ni Sh17,000. Seti ya nne ni Sh40,000 dhidi ya Sh68,000. Tairi nyingi za spoti zina mpira laini zaidi ili zishike barabara, na mpira laini huisha mapema. Kwa hiyo tuseme za kawaida zinamfikisha kilomita 45,000, yaani miaka mitatu, na za spoti kilomita 30,000, yaani miaka miwili. Tuseme pia kwamba tairi zilizokuja na gari zimechoka, kwa hiyo anaanza na seti mpya.

Ndani ya miaka sita:

- Gari la kawaida: seti 2, jumla Sh80,000.
- Gari la spoti: seti 3, jumla Sh204,000.

Tofauti ni Sh124,000. Ongeza ile Sh60,000 aliyolipa yadi, unapata Sh184,000. Bado hatujahesabu hata tairi moja iliyokatika ubavu. Hiyo ni karo, ni mabati, ni mtaji wa duka.

Kama baada ya kuona hesabu hiyo bado unaitaka spoti, na pesa unayo, ichukue kwa raha zako. Gari si hesabu peke yake. Tatizo ni kuichukua ukidhani gharama ni Sh60,000.

Igeuze iwe akiba ya kila wiki

Tairi haziishi ghafla. Zinatoa taarifa. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Tairi ikilika hadi kulingana navyo, imebaki na milimita 1.6 na wakati wa kubadilisha umefika. Lakini wengi wetu hungoja mpaka pancha ya tatu ndani ya mwezi mmoja, ndipo tunakimbilia mkopo wa simu. Mikopo mingi ya simu hutakiwa irudi ndani ya siku 30. Kulipa Sh68,000 na ada yake ndani ya mwezi mmoja si mchezo.

Angalia njia nyingine. Seti ya Sh40,000 kwa miaka mitatu ni kama Sh257 kwa wiki. Seti ya Sh68,000 kwa miaka miwili ni kama Sh654 kwa wiki. Fungua akiba ya lengo kwa simu yako, ipe jina "Tairi", na upange pesa zihamie humo kila Ijumaa. Kama wewe ni dereva wa teksi, weka kila jioni kabla ya kununua chochote. Akiba haiozi, na siku ya tairi utaingia dukani ukiwa na sauti.

Hesabu hii pia ni kipimo. Jaribu kuweka ile Sh654 kwa wiki nane kabla ya kununua gari. Ukishindwa, umepata jibu bila kupoteza shilingi.

Njia ya katikati

Kuna wanaonunua gari la daraja la juu kwa sababu ya viti na injini, kisha wanabadilisha rimu ziwe ndogo. Inawezekana, ila usibahatishe. Angalia kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Huonyesha ukubwa wa tairi uliokubaliwa na upepo wake. Muulize fundi kama rimu ndogo itapita juu ya breki bila kugusa. Hakikisha pia tairi unayochagua inabeba uzito uliowekwa na mtengenezaji. Zile rimu kubwa unaweza kuziuza zipunguze gharama.

Ukifika wakati wa kulipa

1. Piga simu kwa maduka matatu, Malindi, Kilifi na Mombasa. Taja nambari kamili ya tairi, kwa mfano 215/45R18. Ukisema "tairi za Axela" utapewa bei ya ndogo.
2. Uliza kama bei ni pamoja na kufunga, balansi na alaimenti.
3. Soma tarehe ubavuni. Tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyolala miaka mingi dukani si mpya, hata kama inang'aa.
4. Lipa kwa Till au Paybill ya duka, si kwa nambari ya mtu binafsi. Jina likitokea kwenye simu, lisome kabla ya kukamilisha malipo. Likiwa tofauti na la duka, simama hapo hapo.
5. Usitume deposit kwa mtu uliyemwona mtandaoni anayeahidi kukutumia tairi kwa basi. Bei ikiwa nusu ya bei ya maduka yote, jiulize kwa nini.
6. Tunza ujumbe wa malipo na uombe risiti. Bila hivyo, dai la tairi mbovu ni maneno matupu.

Turudi kwa lile gari jekundu. Bado liko yadi, na muuzaji bado anakungoja. Kabla hujatuma chochote, piga picha ya ubavu wa tairi, toka nje ya geti, pigia maduka matatu. Ni dakika kumi tu. Ukirudi ndani utakuwa unajua bei ya magari yote mawili kwa miaka sita, na hapo chagua rangi unayotaka.