Hofu Iliyogeuka Kicheko: Sifa za Filamu ya Hatari! na Maisha ya Ngorongoro

Katika nadharia ya filamu, woga na kicheko huhesabiwa kuwa majirani wa karibu, na mstari unaovitenganisha ni mwembamba kuliko watazamaji wengi wanavyodhani. Mwanafalsafa Mmarekani Noël Carroll, aliyetoa kitabu kizima kuhusu falsafa ya kazi za kuogofya mwaka 1990 na kisha makala kuhusu woga na ucheshi mwaka 1999, anaeleza kwamba kiumbe wa kuogofya huwa na sifa mbili: kwanza, anakiuka mipaka ya maumbile iliyozoeleka, na pili, ana uwezo wa kudhuru. Ikiondolewa sifa ya pili, anasema, kinachobaki ni ukiukaji mtupu, nao ukiukaji usio na madhara ndio chimbuko la kicheko. Carroll alikuwa akizungumzia mazimwi, lakini hoja yake kuhusu madhara inawafaa pia wanyama wakali, kwa kuwa faru anayeshambulia kwa hasira huogofya pale tu mtazamaji anapoamini kwamba pembe yake inaweza kumfikia mtu.

Kwa nadharia hiyo inafaa kupimwa upya filamu mashuhuri kuliko nyingi zilizowahi kupigwa kaskazini mwa Tanzania, yaani Hatari! ya mwongozaji Howard Hawks. Filamu hiyo ya dakika 157, iliyoandikiwa mswada na Leigh Brackett na kuigizwa na John Wayne, Elsa Martinelli, Hardy Krüger na Red Buttons, ilipigwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 1960 hadi miezi ya mwanzo ya 1961 katika Tanganyika iliyokuwa bado chini ya Uingereza, katika maeneo ya Ngorongoro, Ziwa Manyara, Momella na mji wa Arusha. Ilipotoka mwaka 1962, nchi ilikuwa imekwisha kupata uhuru. Iliingiza fedha nyingi Marekani, mpigapicha wake Russell Harlan akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na huko Ufaransa Jean-Luc Godard aliiweka juu kabisa katika orodha yake ya filamu bora za mwaka huo. Tangu hapo imesifiwa kizazi hadi kizazi kuwa kilele cha filamu za hatari ya porini, na sifa hiyo ndiyo isiyokubalika.

Mwanzo wake, ni haki kukiri, ni mzuri sana. Wawindaji wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama wanamkimbiza faru kwa magari katika uwanda ulio wazi, vumbi linatimka, kamera imefungwa karibu kabisa na mnyama, na ghafla faru anageuka, analigonga gari na kumchoma pembe mguuni mwindaji anayeitwa Indian, ambaye anakimbizwa hospitali ya Arusha akiwa katika hatari ya kufa kwa kupoteza damu. Hapo kuna taharuki kamili, yaani ile hali ya mtazamaji kutaka kujua kitakachofuata huku akiogopa kukijua. Taharuki haitokani na ukali wa tukio peke yake. Inatokana na ahadi ambayo msimulizi anaiweka, kwamba tendo lina matokeo na kwamba hakuna mhusika aliyehakikishiwa usalama. Miaka miwili kabla ya Hatari!, Alfred Hitchcock aliitimiza ahadi hiyo bila huruma katika Psycho kwa kumuua mhusika mkuu kabla filamu haijafika nusu, na kuanzia hapo kila mlango unaofunguliwa unamtia mtazamaji hofu.

Hawks anaivunja ahadi hiyo mapema mno. Mfaransa mgeni anajitokeza, damu yake inapatana na ya majeruhi, Indian anapona, na muda si mrefu timu nzima imo katika vinywaji, mizaha na mapenzi ya kuviziana. Hadi mwisho wa filamu hakuna mwindaji hata mmoja anayekufa. Mhusika Pockets anabuni roketi ya kurusha wavu juu ya mti uliojaa tumbili, kisha anaziba macho asione matokeo. Tembo watatu wachanga wanamfuata mpigapicha Dallas kila aendako, huku muziki wa Henry Mancini ukiwachezesha, nao wanaishia kumsaka mitaani Arusha. Hizi zote ni mbinu za futuhi, yaani mchezo wa kuchekesha, na zimetengenezwa kwa ustadi. Lakini baada ya saa nzima ya mbinu hizo, hata mandhari ya mbio za twiga na nyati hutazamwa kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba kila mmoja atarudi nyumbani kula chakula cha jioni.

Watetezi wa filamu hii hujibu kwa hoja moja kubwa, kwamba waigizaji waliwakamata wanyama wao wenyewe bila watu wa kuwabadili katika matukio ya hatari, na kwamba faru anayekata kamba na kutoroka karibu na mwisho alitoroka kweli, hata Wayne na wenzake wakalazimika kumkamata tena mbele ya kamera. Habari hizo zinastahili heshima. Hata hivyo, zinachanganya mambo mawili yaliyo mbali: hatari aliyoikabili mtu wakati wa kupiga picha na hatari anayoihisi mtazamaji ndani ya hadithi. Ya kwanza ni habari ya kazi, ambayo huelezwa katika mahojiano na vitabu. Ya pili ni sanaa, nayo hujengwa kwa mpangilio wa matukio, kwa ukimya, na kwa gharama ambayo wahusika wanailipa. Mwigizaji aweza kuponea chupuchupu na filamu yake isimtishe mtu yeyote.

Kuna sababu nyingine, nzito zaidi, iliyofanya hofu iyeyuke. Watu wanaoishi na wanyama hao karibu hawamo katika hadithi ila kama vibarua wa nyuma ya gari na wachezaji wa ngoma wanaompa Dallas jina la Mama Tembo. Wakati filamu inapigwa, Hifadhi ya Ngorongoro ilikuwa changa, imetenganishwa na Serengeti mwaka 1959, na Wamaasai waliotolewa Serengeti walikuwa wameahidiwa haki ya kuishi humo pamoja na mifugo yao. Ukame wa mwaka 1961 uliwaangamizia ng'ombe wengi. Mvua kubwa zilizofuata zikaleta mlipuko wa nzi wafyonzao damu, ambao kitaalamu huitwa Stomoxys, na katika mwaka uleule wa 1962 ambapo watu wa miji ya mbali walikuwa wakicheka sinemani, nzi hao waliwadhoofisha simba wa kreta ya Ngorongoro hadi wakapungua kutoka zaidi ya 60 na kubaki wapatao 10. Msimulizi mwenye macho ya kuona angepata hapo hofu ya kweli: simba aliyejaa vidonda, akipanda mti au kujificha katika shimo la fisi ili kumkimbia mdudu.

Vivyo hivyo katika Karatu, ambako mashamba ya Wairaqw yanapakana na msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Tembo wanaovuka kupitia Upper Kitete na Selela kuelekea Manyara hupita usiku katika mahindi yaliyokwisha kukomaa, na familia hukesha kwa tochi na madebe, zikijua kwamba mavuno ya mwaka mzima yanaweza kuisha kabla ya alfajiri na kwamba kumkaribia tembo gizani ni kuhatarisha maisha. Katika mazingira hayo tembo anayerandaranda mitaani Arusha si kichekesho cha kawaida. Anachekesha kwa sababu filamu imemfuta mkulima.

Wala matokeo kwa wanyama wenyewe hayakuonyeshwa. Madaktari wa wanyama leo wanafahamu kwamba mnyama anayekimbizwa kwa gari hadi kuchoka huweza kuharibika misuli na kufa siku chache baada ya kukamatwa, na dawa za usingizi zinazorushwa kwa bunduki zilichukua nafasi ya kamba miaka michache tu baada ya filamu kutoka. Faru, mnyama aliyebeba hofu yote ya Hatari!, aliangamizwa na majangili wa pembe: mtafiti John Goddard aliwatambua 108 katika kreta kati ya mwaka 1964 na 1966, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 hawakuzidi 20.

Hatari! ni futuhi iliyopigwa picha kwa uhodari mkubwa, na mahali pake ni katika rafu ya futuhi. Filamu ya kuogofya kuhusu Ngorongoro bado haijatengenezwa, na wanaofaa kuiandika ni vijana wa Karatu, Endulen na Mto wa Mbu, ambao wamewahi kukesha shambani na machungani.