Seydou Keïta, Mpiga Picha wa Bamako

Seydou Keïta alizaliwa Bamako mnamo 1921 hivi, wakati Mali ikiitwa Sudani ya Kifaransa. Hakusoma shule. Alifundishwa useremala, na huenda angebaki katika samani kama ami yake asingerudi kutoka Senegali mwaka 1935 na kamera ndogo ya Kodak Brownie, akampa. Kazi ya kusafisha picha alijifunza kwa Pierre Garnier, Mfaransa mwenye duka la vifaa vya picha, na kwa Mountaga Dembélé, mwalimu aliyekuwa pia mpiga picha.

Mwaka 1948 alifungua studio mtaa wa Bamako-Coura, karibu na stesheni ya reli iendayo Dakar. Wateja hawakukosekana: makarani, wafanyabiashara, maharusi, abiria waliotaka kuwapelekea jamaa zao picha.

Keïta alitumia kamera kubwa ya sentimita 13 kwa 18. Filamu zake zilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida mteja alipigwa picha moja tu. Hapo ndipo penye siri ya ufundi wake: kila kitu kilikamilishwa kabla ya kubonyeza. Mwenyewe aliwageuza wateja bega, akawainamisha uso, akawapanga mikono. Alipenda kufanyia kazi uani, kwa mwanga wa jua. Pazia la kwanza nyuma ya wateja lilikuwa shuka la kitanda chake, lenye matamvua. Kila baada ya miaka michache alilibadilisha, na baadaye mapazia hayo ndiyo yaliyomsaidia kukumbuka picha ilipigwa lini. Gauni la maua mbele ya kitambaa cha maua lingeweza kuwa vurugu tupu. Kwake, jicho la mtazamaji linakwenda moja kwa moja usoni na mikononi.

Studio ilikuwa na suti, saa, redio na Vespa za kuazima, na gari lake la Peugeot 203 nalo liliingia pichani. Asiye na redio aliondoka na picha yake akiwa nayo. Huo si udanganyifu. Ndivyo mtu alivyotaka kuonekana.

Mwaka 1962 Keïta aliingia kazi ya serikali ya Mali huru, na mwaka uliofuata studio ikafungwa. Alistaafu 1977.

Mwaka 1991 picha zake zilionyeshwa New York bila jina la mpigaji. Tajiri mkusanyaji wa sanaa, Jean Pigozzi, alivutiwa nazo, akamtuma André Magnin kwenda Bamako kumtafuta mwenyewe. Maonyesho ya Fondation Cartier, Paris, mwaka 1994 yalimpa Keïta sifa ya dunia. Alifariki Paris mwaka 2001.

Picha zinazotundikwa leo kwenye majumba ya sanaa zimekuzwa sana. Zile walizochukua wateja zilikuwa na ukubwa wa negativu yenyewe, na baadhi zilitiwa rangi kwa mkono.