Konokono wa Ujiji Waliowachanganya Wataalamu

Alfajiri mitumbwi ya dagaa inaporudi Kibirizi na Katonga, bei inayogombewa mwaloni ni ya dagaa na migebuka. Konokono hana mnunuzi wala mtetezi. Magamba yake yametapakaa mchangani kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji na kuendelea kusini, yakikanyagwa na wachuuzi na wachukuzi. Ni magamba hayohayo yaliyowafanya baadhi ya wanasayansi wa Ulaya waamini kwamba Ziwa Tanganyika ni kipande cha bahari, kilichoachwa bara tangu zama za dinosaria.

Hawakuwa wajinga. Mtu aliyekulia Tanga au Kilwa akiyaona magamba hayo atadhani kuna aliyeyachukua pwani. Konokono wa mitoni na madimbwini kwa kawaida ana gamba jembamba, jororo, la rangi ya tope, ambalo ukilibana kwa vidole linapasuka. Wa Tanganyika wengi wana magamba manene, yenye mbavu, vinundu na michirizi, na mdomo wa gamba uliokazwa kwa tabaka juu ya tabaka. Yuko mmoja, Tiphobia horei, anayeishi kwenye tope la kilindini, ambaye gamba lake limeota miiba mirefu pande zote mithili ya wale wa Bahari ya Hindi. Lakini Bahari ya Hindi iko umbali wa kama kilomita 1,000 kutoka Ujiji, na maji ya ziwa watu huyanywa na kuyapikia.

Wazungu wa kwanza kufika Ujiji, Richard Burton na John Hanning Speke, waliingia mjini Februari 1858, baada ya safari ndefu kutoka pwani. Burton alikuwa mgonjwa hata kutembea hawezi. Speke macho yalikuwa yamevimba kiasi kwamba ziwa lenyewe aliliona kwa ukungu tu. Mwezi uliofuata Speke alivuka ziwa kutafuta jahazi la mfanyabiashara mmoja Mwarabu katika kisiwa cha Kasenge. Njiani mdudu alimwingia sikioni usiku, naye akajaribu kumtoa kwa kisu kidogo. Jahazi hakulipata, na sikio likamsumbua kwa miezi mingi. Alichofanikiwa kurudi nacho ni magamba machache ya ziwani.

Magamba hayo yalifika London, na mwaka 1859 mtaalamu Samuel Woodward akayaandikia maelezo. Yalikuwa ya spishi nne: konokono wawili na kome wawili. Kome mmoja alipewa jina la Burton na mwingine la Speke, jambo la kuchekesha kidogo, maana kufikia wakati huo mabwana hao wawili walikuwa hawapatani tena. Mmoja wa wale konokono leo anajulikana kama Spekia zonata. Ni mviringo, mgumu, na hung'ang'ania miamba inayopigwa na mawimbi. Kwa umbo anafanana sana na konokono wa miamba ya baharini.

Baada ya hapo magamba yalianza kumiminika. Mwaka 1878 alifika Ujiji Edward Coode Hore, baharia aliyekuwa amejiunga na wamisionari wa London Missionary Society. Alilizunguka ziwa kwa mashua akipima na kukusanya, na magamba yake yakaenda kwa Edgar Smith wa Makumbusho ya Uingereza, aliyempa konokono wa miiba jina la Hore mwaka 1880. Upande wa Ufaransa, wamisionari wa White Fathers walimpelekea mtaalamu wa konokono Jules-René Bourguignat makasha ya magamba, naye akawa mtu wa kuona spishi mpya katika kila gamba lililopishana kidogo na jingine. Wengi aliowataja waliondolewa baadaye kwenye orodha. Hata hivyo baadhi ya majina yake yamebaki: kundi kubwa kuliko yote ya konokono wa ziwa hili linaitwa Lavigeria, kwa heshima ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo. Jina la kardinali sasa limo chini ya maji, karibu kila penye mwamba wa Kigoma.

Kisha likaja jambo lililozidisha mashaka. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona ziwani konyeza, yule kiumbe wa ute anayeelea kama mwavuli, ambaye watu wa pwani wanamjua kwa kuwasha. Konyeza ndani ya Afrika, tena kwenye maji yasiyo na chumvi! Wasomi wa Ulaya waliona ushahidi unaanza kukamilika.

Aliyeubeba ushahidi huo hadi mwisho ni mwanabiolojia John Moore. Alikuja ziwani mara mbili, kwanza katikati ya miaka ya 1890, kisha 1899 hadi 1900, akakokota nyavu kilindini na kuwafanyia upasuaji konokono ambao wenzake waliwajua kwa magamba tu. Kisha akaweka magamba ya Tanganyika kando ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, vya bahari ya kipindi cha Jurasi vilivyochimbwa Ulaya. Kila konokono aliyemchukua alimpatia mwenzake wa kale: huyu na yule mbavu zilezile, mzunguko uleule, mdomo uleule. Mwaka 1903 akatoa kitabu, The Tanganyika Problem, akidai kwamba bahari ya Jurasi iliwahi kufika eneo la Kongo, ikarudi nyuma, na maji yaliyobaki Tanganyika yakapungua chumvi polepole huku konokono wakizoea.

Msomaji wa Tanzania anaweza kuipima hoja hiyo kwa mfano wa nyumbani. Mijusi mikubwa ya Tendaguru, mkoani Lindi, ambayo Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin, ni ya mwisho wa kipindi cha Jurasi, kama miaka milioni 150 iliyopita. Moore alikuwa anasema kwamba konokono anayetambaa mwambani Kigoma ni wa zama hizo, na kwamba hakubadilika sana tangu hapo.

Hoja ilikuwa nzuri kuliko ilivyokuwa ya kweli.

William Cunnington alitumwa ziwani mwaka 1904 kuichunguza upya, na alichoona hakikumridhisha. Viumbe wenye sura ya bahari walikuwa wachache mno. Kama bahari iliwahi kuwa hapo, wako wapi wengine wote: chaza, matumbawe, kiti cha pweza? Hata konyeza hakusaidia, maana ndugu zake walionekana pia Ziwa Victoria na katika mto Niger. Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa wanajiolojia. Ziwa Tanganyika limekaa katika ufa wa Bonde la Ufa, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Ni umri mkubwa mno kwa ziwa, lakini ni mdogo sana mbele ya Jurasi. Kati ya bahari ya Moore na ziwa la leo kuna pengo la zaidi ya miaka milioni 130.

Basi sura ile ilitoka wapi? Jibu lilikuwa limejificha chini ya mawe, na lina magando.

Tanganyika ina kaa wake, wa jenasi Platythelphusa, wasiopatikana ziwa lingine lolote. Baadhi yao, hasa Platythelphusa armata, wana gando moja nene la kutisha. Kaa huyo humvunja konokono kama mtu anavyobangua korosho: huzungusha gamba, hutafuta penye udhaifu, hubana. Kelly West, Andrew Cohen na Michael Baron walichapisha mwaka 1991 utafiti uliowalinganisha konokono na kaa wa Tanganyika na wale wa maji mengine yasiyo na chumvi. Magamba ya Tanganyika yalistahimili nguvu kubwa mara nyingi zaidi, na magando ya kaa wake nayo yalikuwa makubwa kupita kawaida. Mengi ya magamba yalikuwa na makovu, mahali ambapo mdomo ulivunjwa, konokono akanusurika, akaziba pengo na kuendelea kukua.

Mantiki yake ni rahisi. Konokono mwenye gamba jembamba analiwa kabla hajazaa. Mwenye gamba nene kidogo anapona na kuacha watoto wenye gamba nene. Kaa mwenye gando dhaifu naye analala njaa. Mashindano hayo yakiendelea kwa mamilioni ya miaka, pande zote mbili hujizatiti. Baharini mambo hayohayo yalitokea kwa konokono wengine na maadui wengine, na silaha zikafanana kwa sababu tatizo lilikuwa moja. Mto wa kawaida hauwezi kuleta matokeo hayo, kwa kuwa hukauka, hubadili njia, na mara nyingi maji yake hayana chokaa ya kutosha kujenga gamba nene. Tanganyika lina chokaa, na lina muda. Hata nyakati za ukame mkali, usawa wake uliposhuka kwa mamia ya mita, halikukauka, kwani kina chake kinafika mita 1,470, na ni Baikal la Urusi pekee linalolizidi.

Hapo Moore angeweza kusahaulika, lakini uchunguzi wa vinasaba ulimrudishia sehemu ya heshima yake. Mwaka 2004 Anthony Wilson, Matthias Glaubrecht na Axel Meyer walilinganisha konokono hao na jamaa zao wa Afrika na Asia. Wamo katika familia ya Paludomidae, ambayo konokono wake wengine wanaishi katika mito ya Afrika, India na Sri Lanka. Ilionekana kwamba koo kadhaa za konokono wa Tanganyika zilitengana kabla ziwa halijakuwepo. Hazikuzaliwa zote hapo. Ziliingia zikiwa tayari tofauti, kutoka mito na mabwawa ya kale ambayo leo hayapo, na ziwa likazihifadhi wakati kwingine zilitoweka. Kwa hiyo Moore alikosea kuhusu bahari, lakini hakukosea kwamba ziwa limebeba viumbe wa kale. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ni kosa lenye faida kuliko majibu mengi sahihi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa konokono wa familia nyingine, Neothauma tanganyicense. Ni mkubwa, gamba lake hufika sentimita 5 au zaidi, na huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Akiwa hai anapatikana Tanganyika peke yake. Lakini visukuku vya jenasi yake vimechimbwa katika matabaka ya kale ya mabonde ya Albert na Edward, mpakani mwa Uganda na Kongo. Huko alikuwepo, akatoweka. Huku amebaki.

Hata akifa bado ana kazi. Magamba yake matupu yamelundikana chini ya maji katika maeneo mapana, na baadhi ya yaliyopimwa umri ni ya zaidi ya miaka elfu moja. Humo wamehamia samaki wadogo wanaotagia na kujificha ndani ya gamba. Mmoja wao, Lamprologus callipterus, ana desturi ya ajabu: dume huokota magamba kwa mdomo na kuyarundika, kisha majike huja kuingia na kutaga. Dume anaweza kuwa mzito mara 12 kuliko jike, kwa sababu yeye lazima aweze kubeba gamba na jike lazima aweze kuingia ndani yake.

Kigoma yenyewe imekuwa darasa la mambo haya. Kuanzia 1998 Mradi wa Nyanza, ulioandaliwa na Chuo Kikuu cha Arizona kwa kushirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, uliwaleta wanafunzi wa Tanzania, nchi jirani na Marekani kupiga mbizi kwenye miamba ya jirani, kuhesabu konokono na kuchota tope la sakafu ya ziwa. Walichokiona mara kwa mara kinamhusu kila mwenye shamba mlimani. Msitu ukifyekwa, mvua hushusha udongo hadi ziwani, udongo hufunika mwamba, na konokono anayekula ukoga wa mwambani hana pa kulia. Spishi za konokono wa ziwa hili zinazidi 60, na nyingi hazipatikani kwingine. Ikifa moja Kigoma, hakuna mahali pa kwenda kuchukua mbegu.

Tope nalo lina habari zake. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walichapisha matokeo ya kusoma nguzo za mashapo zilizotolewa chini ya ziwa, ambazo zimehifadhi mabaki ya samaki, konokono na viumbe wengine tabaka kwa tabaka. Maji ya juu yanapopata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na hewa ya kupumua haishuki kama zamani. Tangu miaka ya 1940, sehemu ya sakafu yenye hewa ya kutosha katika maeneo waliyoyachunguza imepungua kwa asilimia 38, na konokono walianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza ziwani.