Mtungi wa Baridi Kali: Namna ya Kumtambua Mhimilishaji Aliyefunzwa

Mfugaji anapomwita mhimilishaji hununua huduma asiyoweza kuikagua kwa macho. Mbegu za dume zimo ndani ya mrija mwembamba, na mrija umehifadhiwa katika mtungi wa kimiminika cha naitrojeni. Mbegu zikiwa zimekufa, hakuna dalili itakayoonekana siku hiyo. Mfugaji hutambua baada ya siku 21 hivi, ng'ombe anapoonyesha tena dalili za joto. Wakati huo malipo yamekwisha kutolewa, na ndama pamoja na maziwa aliyoyatarajia yamesogea mbele kwa wiki tatu.

Zaidi ya hasara hiyo, mtungi huo huingia bomani, penye watoto na wasaidizi wa kazi. Kwa sababu hizo mbili tunaeleza hapa mafunzo ambayo mhimilishaji anapaswa kuwa nayo, na namna mfugaji anavyoweza kuyatambua katika matendo yake.

Kimiminika hiki ni nini?

Naitrojeni si sumu. Ni sehemu ya hewa tunayoivuta kila siku, takriban asilimia 78. Ikipozwa hadi nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri hugeuka kuwa kimiminika, na katika baridi hiyo mbegu hudumu kwa miaka mingi bila kuharibika. Nchini Tanzania mbegu huzalishwa katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, mkoani Arusha, kisha husafirishwa kwa mitungi hadi kwa wahimilishaji.

Mtungi wenyewe una kuta mbili, na nafasi iliyo kati yake imeondolewa hewa ili joto lisipenye. Hata hivyo, kimiminika huendelea kuchemka polepole na kupungua kila siku. Mtungi usipojazwa kwa wakati hukauka, na mbegu zote zilizomo hufa. Mtungi unaotoa jasho au kuota barafu kwenye mwili wake umeharibika, nao haufai tena kutunza mbegu.

Hatari zake ni zipi?

Ya kwanza ni baridi. Kimiminika kikigusa ngozi kwa muda, au chuma kilichotoka ndani ya mtungi kikishikwa kwa mkono mtupu, huleta jeraha linalofanana na la moto. Tone moja likirukia jicho laweza kuliharibu.

Ya pili ni mgandamizo. Lita moja ya kimiminika hutoa takriban lita 700 za gesi. Ndiyo maana kizibo cha mtungi hakikazwi. Hulegea makusudi ili gesi ipate njia ya kutoka. Anayekifunga kwa nguvu, au anayehamishia kimiminika katika chupa ya chai yenye kifuniko cha kukaza, ametengeneza kitu kinachoweza kulipuka.

Ya tatu, nayo ndiyo inayoua kimyakimya, ni kukosa hewa safi. Naitrojeni haina rangi wala harufu. Mtungi mdogo wa lita 3 ukimwagika wote hutoa gesi zaidi ya lita 2,000, kiasi kinachokaribia nafasi ya ndani ya gari dogo. Gesi hiyo huifukuza oksijeni. Mtu huweza kuzirai kabla ya kuhisi kwamba anakosa pumzi.

Kwa nini mafunzo ni jambo la lazima?

Tarehe 28 Januari 2021, kimiminika cha naitrojeni kilivuja katika kiwanda cha kuchakata kuku mjini Gainesville, jimbo la Georgia, Marekani. Wafanyakazi 6 walipoteza maisha. Miongoni mwao walikuwamo walioingia katika chumba hicho baada ya wenzao kuanguka. Uchunguzi wa serikali ya nchi hiyo ulionyesha kwamba wafanyakazi hawakuwa wameandaliwa vya kutosha kuikabili hatari hiyo. Nia njema ya kumwokoa mwenzako haitoshi. Asiyefunzwa hufuata njia ileile iliyomwangusha wa kwanza.

Dalili za mhimilishaji aliyefunzwa

Tunawashauri wafugaji wayatazame mambo haya:

1. Husafirisha mtungi ukiwa umesimama wima na umefungwa usianguke. Akiwa katika gari hufungua madirisha, na hapakii abiria pamoja na mtungi sehemu iliyofungwa.
2. Huvaa miwani ya kinga, viatu vilivyofunika miguu, na glavu kavu zilizolegea, ili aweze kuzivua upesi zikimwagikiwa.
3. Hufungua mtungi mahali penye hewa, wala si ndani ya stoo iliyofungwa.
4. Hupima kina cha kimiminika kwa kijiti maalumu kisicho na tundu, kisha husoma alama ya barafu iliyobaki juu yake.
5. Anapotafuta mrija haupandishi juu ya shingo ya mtungi. Asipoupata ndani ya sekunde 10 hivi hurudisha yote chini, kwa maana mbegu zinazopata joto kisha zikapozwa tena huharibika.
6. Huyeyusha mrija katika maji ya uvuguvugu, kwa kawaida nyuzi 35 hadi 37, akiyapima kwa kipimajoto. Kisha huukausha vizuri na kuutumia bila kuchelewa.

Anayeyeyusha mrija mfukoni au kwapani, au anayekadiria joto la maji kwa kidole, hajatimiza kazi aliyolipwa.

Wajibu wa mfugaji

Watoto wasiusogelee mtungi, hata kama moshi wake mweupe unawavutia. Mfugaji asikubali kuachiwa mtungi ndani ya chumba cha kulala.

Kimiminika kikimwagika kwa wingi ndani ya chumba, watu wote watoke na milango iachwe wazi. Mtu akianguka ndani, asifuatwe na asiye na kifaa cha kupumulia. Ufunguliwe kila mlango unaoweza kufunguliwa kutoka nje na msaada uitwe.

Aliyeungua kwa baridi amwagiwe maji ya uvuguvugu mahali palipoumia. Pasisuguliwe, wala pasitiwe maji ya moto. Nguo iliyoganda kwenye ngozi isivutwe kwa nguvu. Kisha apelekwe kituo cha afya.

Kabla na baada ya kulipa

Wataalamu wa afya ya mifugo nchini Tanzania husimamiwa na Baraza la Veterinari, chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Mfugaji ana haki ya kumwuliza mhimilishaji kitambulisho na cheti cha mafunzo kabla kazi haijaanza.

Baada ya kazi adai stakabadhi na kadi inayoonyesha tarehe, saa, jina la mhimilishaji na namba ya dume iliyoandikwa kwenye mrija. Ng'ombe akirudia joto si lazima awe amehudumiwa vibaya, kwani hata kazi njema hukosa kushika mimba wakati mwingine. Lakini wateja kadhaa wa mtu mmoja wakipatwa na hali hiyo, mtungi wake unastahili kukaguliwa. Wapeleke kadi zao kwa pamoja kwa ofisa mifugo wa halmashauri.