Maneno na Sanamu katika Sarafu za Makaisari

Katika sarafu za makaisari wa Rumi, maneno na sanamu havina budi kusomwa pamoja. Mfano ni sarafu kubwa ya shaba, iitwayo sestertius, iliyopigwa chapa mwaka 71 B.K., zama za Vespasianus.

Upande mmoja pana kichwa cha mtawala, chenye shada la majani. Maneno yakizungukayo yamefupishwa: IMP ni imperator, yaani amiri, CAES ni Caesar, AVG ni Augustus, yaani mtukufu, COS III ni konsuli mara ya tatu. Tarakimu hiyo ndiyo inayotambulisha mwaka, kwa kuwa Vespasianus alishika ukonsuli wa tatu mwaka 71.

Upande wa pili pana mtende, na chini yake mwanamke ameketi akiomboleza. Sanamu hiyo peke yake haitaji nchi wala tukio. Maneno IVDAEA CAPTA, yaani “Uyahudi umetekwa”, ndiyo yanayodhihirisha kuwa mwanamke huyo ni nchi iliyoshindwa, ambayo mji wake wa Yerusalemu ulianguka mwaka 70.

Caesar hapo awali lilikuwa jina la ukoo. Vespasianus hakuwa wa ukoo huo. Alilitwaa pamoja na mamlaka, nalo likawa cheo. Kwa maana hiyo ya cheo Kiswahili nacho chasema Kaisari. Basi asomaye Caesar kuwa jina tu atampa Vespasianus ukoo asiokuwa nao. Na atazamaye sanamu bila maneno atamwona mwanamke, asilione taifa.